Pikapu Iliyosimama Sawasawa

Bitter Fork, Wyoming
3 Machi 1997

Kaka Verl,

Hali yako sikuulizi. Aliye gerezani huulizwa hali na wajinga. Yangu nitakuambia: nina hasira, na nina afya ya kuitumia.

Jumanne Dell Cutshaw aliingia mkahawani. Tangu tumzike Royce hakuwa amekanyaga pale. Aliingia na ule mkongojo uliomsababishia wewe, akakaa meza ya dirishani, akaagiza pai ya tufaha na kahawa. Zamu ilikuwa yangu. Nikamwekea sahani. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayetazama mbwa kilema wa jirani, akasema:

"Marlys, mimi sina kinyongo na ukoo wenu. Kaka yako alinivunja nyonga, nimemsamehe. Na marehemu mumeo alikuwa kijana mzuri, kazi hakuikimbia. Ila mguu wake ulikuwa mzito kwenye mafuta."

Wafugaji sita walikuwa wamekaa humo. Wote waligundua ghafla kwamba kahawa yao ina kitu cha kutazamwa.

Royce! Aliyekuwa akiendesha kama amepakia mayai! Akiniudhi kwa mwendo wake wa kobe mpaka nikamwambia siku moja ashuke tutembee, tutafika mapema. Leo kwenye karatasi ya polisi ni "mwendo kasi", kwa sababu Cutshaw ndiye aliyesema hivyo, na kwa sababu gari lililoishiwa breki kwenye mteremko mkali wa Ngazi ya Kunguru haliwezi kwenda polepole hata likitaka. Kwamba ni Cutshaw aliyempakilia marobota kumi na sita ya nyasi kwenye tela la marobota kumi, hilo hakuna aliyeliandika.

Kwa hiyo nimeamua. Wewe ulimfuata mnadani na spana ya magurudumu ukapata miaka mitano. Mimi nataka kitu kitakachomuuma kila asubuhi akiamka, na kisichonipeleka ndani. Nitamnyang'anya wateja. Mmoja mmoja, kama mtu anavyomnyonyoa kuku aliye hai. Nimeshaongea na wafugaji wawili ng'ambo ya Ngazi. Wamechoka kuletewa nyasi zenye ukungu. Wameniambia, ukiweza kuzifikisha, sisi ni wako.

Pikapu ya kijani ya Royce ipo ghalani, inawaka. Tela la Baba lipo. Shida ni kwamba nikifunga tela lenye mzigo, nyuma inalala na pua inaangalia mbinguni, usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la mtoto la kuchezea. Kila mtu ananiambia niweke mifuko ya upepo nyuma, ile inayojazwa ikainua gari, pale juu ya springi. Wewe umewafungia nusu ya wilaya hii. Niandikie hatua kwa hatua. Spana naijua kushika, ulinifundisha mwenyewe.

Na jambo jingine. Bodi ya parole inakaa Juni kuamua kama utoke kabla ya kumaliza kifungo. Nitakuja kusimama mbele yao. Nitawaambia kwamba mtu huyu alimpiga Cutshaw kwa uchungu wa shemeji yake, na kwamba katika nchi yenye haki angepewa farasi badala ya pingu.

Mdogo wako anayejivunia kaka yake,
Marlys


14 Machi

Mdogo wangu Marlys,

Barua imefika. Askari wameisoma kabla yangu, mmoja ameniambia dada yako ana ulimi, aje afanye kazi huku.

Usiweke mifuko.

Pikapu ile ni ya zamani, chesi ina kutu. Bolti zitakukatikia. Huna jeki ya maana. Halafu kazi ya kubeba nyasi kupita Ngazi si ya mtu mmoja, tena mwezi wa nne theluji bado ipo kule juu. Iuze pikapu. Iuze na tela. Mkahawani unaheshimika na unakaa kwenye joto.

Cutshaw mwachie Mungu. Nimeshalipa mimi kwa ajili ya Royce, na malipo yangu yanatosha familia nzima.

Kuhusu bodi, usije. Ni safari ya saa sita na watakupa dakika tatu. Mimi nitajieleza mwenyewe.

Huku chakula ni maharage, na siku ya sikukuu ni maharage yenye nyama iliyopita karibu. Nimepewa kazi karakana ya magereza, natengeneza mashine za kukatia majani. Sijambo.

Verl


22 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta ni nani aliyeiandika. Kaka yangu niliyemjua aliwahi kunishushia injini ya trekta nikiwa na miaka kumi na miwili, akaniambia, "Irudishe, kisha uje ule." Huyu anayeniambia nikae kwenye joto ni nani? Gereza limekuzeesha, au umeanza kumwogopa Cutshaw? Kama ni hofu, sema ni hofu. Sitakucheka. Nitakucheka kidogo.

Mungu ana kazi nyingi. Cutshaw nitamshughulikia mimi.

Mifuko nimeagiza kwa posta, imefika ndani ya sanduku pamoja na vyuma vyake. Bibi Opal Renfro amekubali kunisaidia. Ana miaka sabini na moja na bado anatambaa chini ya trekta vizuri kuliko kijana yeyote wa hapa. Nilipomwonyesha barua yako alisema, "Verl anakukataza mifuko? Verl Lindvig? Huyo angemfungia mifuko hata mama mkwe wake akipewa nafasi."

Na mbele ya bodi nitakuja. Hukunialika, lakini hata wewe mnadani hukualikwa.

Marlys


6 Aprili

Kaka Verl,

Gari limesimama! Nilitaka uwe wa kwanza kujua, hata kama ulinikatalia.

Tulichukua siku mbili. Tuliinua chesi kwa jeki mbili mpaka springi zikaning'inia, tukatoa vile vipande vya mpira vinavyozuia chesi isigonge ekseli, na mahali pale pale tukafunga vyuma na mifuko, mmoja kila upande. Bolti zilikatika mbili. Nilitukana, Bibi Opal akatukana zaidi, maneno mengine sijawahi kuyasikia, na niliolewa na dereva. Bomba za upepo nilizipitisha mwenyewe, mbali na ekzosi ili zisiyeyuke, nikazifunga kwenye chesi kwa waya, kisha tukapaka maji ya sabuni kila kiungo kuona kama kuna povu. Hakukuwa na povu hata la kuoshea kijiko. Tukafunga tela, tukajaza upepo, na nyuma ikapanda taratibu kama ng'ombe anayeinuka. Usukani ukarudi kuwa na uzito. Nililia kidogo nikasingizia kutu.

Ila kuna jambo lililoniondolea furaha. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi, na mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, unasema mifuko hii haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Nikamuuliza Bibi Opal, kama haiongezi, ya nini?

Akasema, "Ya kusawazisha, mwanangu. Mzigo halali ukikaa vibaya, mfuko unauweka sawa. Lakini mtu mlafi akiutumia, unakuwa kama mkanda wa tumbo. Kitambi kinafichika, hakiondoki. Gari linasimama zuri, askari anapungia mkono, dereva anadhani amebeba manyoya. Breki ndizo zinazoujua ukweli, na zinausema mteremkoni."

Nikaacha spana ikaanguka.

Verl, nilimwona Royce akipita mbele ya mkahawa asubuhi ile na marobota kumi na sita. Pikapu ya Cutshaw ilikuwa imesimama sawasawa kama meza. Nilimpungia. Nilisema moyoni, leo hajabebeshwa sana.

Cutshaw aliweka mifuko ili kuuficha mzigo. Nakula kiapo. Na hakuifunga yeye, Cutshaw hajui hata kubadili balbu. Kuna fundi aliyelala chini ya gari lile, akaona tela litakalofungwa, akajua, na akapokea ujira wake. Wewe unawajua mafundi wote kutoka hapa hadi Nebraska. Nipe jina. Kwenye orodha yangu Cutshaw ni wa kwanza, na wa pili nimemwachia mstari mtupu.

Huyo namtaka hata zaidi ya Cutshaw. Cutshaw ni mbwa mwitu, na mbwa mwitu hula. Lakini fundi alijua.

Marlys


15 Aprili

Marlys,

Sijui. Cutshaw magari yake aliyapeleka kila mahali. Nadhani kuna fundi wa njiani huko Nebraska, na nimesikia alishahama.

Umeshafunga mifuko, basi sawa. Usiache iishiwe upepo kabisa hata kama huna mzigo, itajikata. Usizidishe marobota kumi. Tisa ni bora. Ukifika juu ya Ngazi simama, shuka, gusa matairi, subiri, ndipo uteremke kwa gia ndogo.

Yaliyopita usiyachimbue. Utapata mifupa tu.

V.


Cutshaw Nyasi na Usafirishaji
2 Mei 1997

Bi. Marlys Oakden,

Nakuandikia kwa heshima, kama jirani na kama mtu aliyemwajiri marehemu mumeo kwa miaka saba.

Nimekaa kimya ulipowachukua wafugaji wawili wa ng'ambo. Biashara ni biashara. Nimekaa kimya ulipowachukua wengine watatu. Lakini sasa nasikia unatangaza mnadani, kanisani, na kwenye duka la pembejeo kwamba mimi niliweka mifuko ya upepo kwenye lile gari ili kumwua Royce. Mchungaji mwenyewe amenigeuzia kisogo. Hilo sitalinyamazia.

Mimi ni mtu wa nyasi. Sijui vyuma. Nilitaka gari lisimame vizuri, nikalipeleka kwa fundi, na fundi akanirudishia gari limesimama vizuri. Kama kulikuwa na hatari, aliyepaswa kuniambia ni nani?

Kabla hujaendelea kulichafua jina langu, muulize kaka yako ni nani aliyelala chini ya gari lile. Na muulize pia alinipiga kwa sababu gani hasa. Mimi nilimficha kwa wema wangu.

Wako kwa amani,
Dell R. Cutshaw


9 Mei

Verl,

Ninaambatisha barua ya Cutshaw. Isome.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, mpaka mpishi akatoka jikoni. Nikasema huyu mzee ameishiwa, sasa anamtupia matope mtu aliyefungwa. Nikamwambia Bibi Opal, "Twende kwenye lile gari. Liko kwa mzee Tolliver, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Nitapiga picha chini yake, nitaibandika kwenye mlango wa mnada, watu waone uongo wa Cutshaw kwa macho yao."

Sikuwa nimeliona tangu siku ile, na sikutaka. Limekunjika mbele kama karatasi, lakini nyuma ni nzima. Tolliver akaliinua kwa mashine yake. Nikaingia chini.

Mifuko ipo. Mmoja umepasuka, mwingine bado ulikuwa na upepo wake, Verl. Mwaka mmoja na nusu, na bado umevimba, umebeba gari ambalo halina dereva.

Kisha nikaona bomba za upepo. Zimefungwa kwenye chesi kwa waya wa shaba. Mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ikarudishwa ndani, ikagandamizwa kwa koleo isimchome mtu mkono.

Nilikaa chini ya gari lile hadi Bibi Opal akaniita mara tatu. Kwa sababu mwezi uliopita nilifunga bomba zangu hivyo hivyo, bila kufikiri, mikono ikajiendea. Baba alitufundisha wawili tukijenga uzio wa malisho ya kusini. "Ncha ya waya irudi nyumbani kwake," alikuwa akisema. Alipokufa tulibaki watu wawili duniani tunaofunga waya namna ile, na mmoja ni mimi.

Bibi Opal alichungulia na yeye. Akasema, "Labda aliiga mtu." Lakini hakunitazama usoni aliposema hivyo.

Niambie aliiga mtu. Niambie lolote, lakini safari hii usiniambie Nebraska.

Mke wa Royce


17 Mei

Marlys,

Ni mimi.

Nimechana barua nne. Hii nitaituma hata ikitoka vibaya.

Cutshaw alileta gari Jumatatu ya wiki ile. Akasema, "Verl, askari wa barabarani wananisimamisha. Gari likiinama nyuma wanaliona kutoka maili nzima. Nataka lisimame kana kwamba halijabeba kitu." Nikamwambia mifuko haiongezi breki. Akasema, "Nimekuja kununua mifuko, sikuja kununua mahubiri." Tukacheka. Nalikumbuka hilo kila siku, kwamba nilicheka.

Nikafunga. Kazi nzuri. Umeiona mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Royce akapita gereji akiwa na mzigo tayari, nimpimie upepo. Marobota kumi na sita. Niliyahesabu kwa macho kama ninavyohesabu siku zote. Alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama gari, akajikuna shingo.

"Kaka, mbona limesimama hivi? Kwa mzigo huu lilipaswa kulamba lami."

"Ni mifuko," nikasema.

"Basi ni salama?"

Nilikuwa na gari jingine kwenye jeki na mtu wake amesimama akitazama saa. Kumwambia Royce ashushe marobota sita ilikuwa kumwambia Cutshaw asirudi tena kwangu na magari yake tisa. Nikasema, "Limesimama sawasawa, shemeji. Nenda."

Akasema asante. Akaniambia Jumapili nije kula kwenu, umechinja bata.

Nilijua, Marlys. Nisikudanganye kwamba sikujua. Nilijua kama vile ninavyojua maji yanachemka. Nilijiambia ni safari moja tu, atateremka polepole, Royce ni mwangalifu.

Na mnadani. Wewe na mji mzima mmeamini nilimpiga kwa ajili ya Royce. Cutshaw alinivuta kando, akaninong'oneza, "Wakiuliza kuhusu mifuko, nitasema fundi aliniambia ni salama. Na nina shahidi, Royce alinisimulia kwa redio ya mawasiliano ya garini ulivyomwambia." Nikawaza sura yako ukisikia hilo. Spana ilikuwa mkononi. Nilimpiga ili anyamaze. Kisha akanyamaza kweli, kwa sababu kunitaja mimi kulikuwa kujitaja mwenyewe. Tukanyamaza wawili kama wezi wa kondoo mmoja, na wewe ukaniletea soksi za sufu gerezani na kuniita shujaa.

Nimezivaa. Sikustahili lakini huku kuna baridi.

Umesema mstari wa pili uliuacha mtupu. Andika.

Verl


12 Juni

Marlys,

Nilikuona ukiingia kwenye chumba cha bodi na gauni la bluu la harusi ya binamu yetu Edna, na pamoja na yote niliyokuandikia, moyo wangu mpumbavu ukasema, amekuja kwa ajili yangu. Damu ni damu.

Ukatoa barua yangu mkobani.

Ungeweza kuwapa tu waisome. Uliisoma wewe, yote, kwa sauti, hata pale kwenye bata. Yule mama mwenyekiti alivua miwani. Alipokuuliza, "Unaomba bodi ifanye nini?" ukamjibu, "Sina ninachoomba. Nimeleta ukweli, mtajua pa kuuweka." Kisha ukatoka bila kunitazama.

Wamenikatalia. Hadi mwaka wa 1999 ndipo niombe tena. Nina miaka arobaini na tisa na mgongo mbovu. Nilikuandikia wewe. Wewe! Sikuiandikia bodi, wala mwendesha mashtaka ambaye nasikia nakala anayo. Nilikuvulia nguo ukaita watu waje kutazama. Kama ulitaka kuniua ungeniambia, ningekusaidia.

Cutshaw alimuua Royce kwa tamaa. Na mimi, wewe umenizika kwa kitu gani?

Verl


29 Juni

Verl,

Unauliza kwa kitu gani. Kwa karatasi tatu zilizoandikwa na mkono wako. Sikuongeza nukta.

Unalia na miaka miwili kana kwamba nimekuibia. Mwizi huja kwa kunyata. Mimi nilikuja mchana, nimevaa gauni, nikachukua mbele ya watu. Wewe na Cutshaw ndio mlioiba. Mliniibia jina la mume wangu, mkaniacha nizunguke nalo mwaka na nusu likiwa limeandikwa "mwendo kasi", na nyinyi wawili mnajua.

Habari za huku ni hizi. Mwendesha mashtaka amemfungulia Cutshaw kesi. Mzee Tolliver ametoa gari kama ushahidi, Bibi Opal ameeleza kila bolti. Kibali cha kusafirisha amenyang'anywa, na magari yake tisa yamepigwa mnada Jumanne iliyopita. Nilikwenda. Nilisimama mbele kabisa ili kila akiinua macho anione. Lilipouzwa la tisa akanijia na mkongojo wake, akaniuliza, "Umeridhika sasa?"

Nikamwambia, "Bado. Lakini naendelea vizuri."

Watu husema kisasi hakina ladha. Wamedanganya, au hawajawahi kukila. Kina ladha, na cha Cutshaw nimekila nikafuta sahani kwa mkate. Chako ndicho kilichonikwama. Niliposoma barua yako mbele ya wale watu nilifika pale uliposema "Limesimama sawasawa, shemeji," nikasikia sauti yako kabisa, ile unayoitumia ukiwa na kazi nyingi, na nikajua hata mimi ningekwenda. Ungeniambia nenda, ningekwenda na marobota ishirini. Ndiyo maana sikukutazama. Ningekutazama ningefanya moja kati ya mawili, na yote mawili sikuyataka siku ile.

Sitakusamehe kwa sababu tu umekiri. Kukiri ni bei ya kuingia uwanjani, ukishalipa ndipo mchezo unaanza.

Polisi wamenipa karatasi mpya. Inasema chanzo ni mzigo uliozidi na breki kuungua. Nimeisoma peke yangu pale nje ya ofisi, nikaketi kwenye ngazi ya mlango nikaisoma tena. Kisha nikakumbuka mtu ambaye hajaisoma. Mama yake Royce, kule mjini Valentine, ana miaka themanini na mbili. Tangu mazishi hajatamka jina la mwanawe bila kuomba radhi. Akikutana na dereva yeyote anamwambia, "Mwanangu alikwenda mbio, samahani." Anaiomba dunia msamaha kwa kosa lako.

Mimi sitamwambia. Mwendesha mashtaka pia nimemwomba asubiri. Utamwambia wewe.

Mwandikie kwa mkono wako. Usimtaje Cutshaw kabla hujajitaja mwenyewe. Mwambie ulivyocheka. Mwambie Royce alirudi nyuma hatua kumi akauliza, ili ajue kwamba mwanawe aliuliza. Anuani iko nyuma ya ukurasa huu. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo andika herufi kubwa. Atasomewa na jirani, na jirani atawasimulia wengine, na wewe utavumilia.

Akikujibu, jibu litakuja kwangu, ndivyo nitakavyopanga naye. Huenda atakulaani. Huenda, kwa kuwa ni mwanamke mwema kuliko mimi, atafanya jambo baya zaidi akakuombea. Vyovyote vile, siku hiyo nitafunga safari ya saa sita. Nitakaa mbele yako kwenye ile meza ya wageni, nitakusomea neno kwa neno, na wewe hutainamisha kichwa mpaka nimalize.

Ukitaka kuniona tena, anza kuandika.

Marlys